Dakika Nne Alizonyamaza Bibi

9 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku tunaendelea. Mguu wa Baba wa kushoto bado mzito, ila sasa anafika mlangoni mwenyewe na fimbo yake, na akishafika anajifanya hakuchoka. Mimi mgongo unauma kama wa fundi cherehani yeyote shule zinapofunguliwa. Nimeshona sketi mia moja na arobaini, zote za bluu, mpaka nikifumba macho naona bluu. Wala usiniambie nipige simu. Kwenye simu unanishinda, maana wewe una sauti ya kazi na mimi nina sauti ya kuitia watu chakula. Kwenye karatasi tuko sawa.

Tamthilia yako ya Kikorea, hii uliyoitia sauti za Kiswahili, tumeimaliza. Baba anaiita “ya kwetu”, utadhani wale Wakorea wote umewazaa wewe. Kila jioni saa kumi na moja anakaa mbele ya televisheni na shati safi, anakusikia ukiwa bibi, ukiwa mjukuu, ukiwa seremala, na siku moja ukiwa mbwa. Kwa mbwa alicheka hadi nikampa maji.

Mimi mwanzoni sikuiamini. Muuguzi anaacha kazi mjini, anakwenda kwa bibi yake milimani, wanafua mashuka ya watu, basi. Sehemu nzima ya tano wanangoja mvua ikatike ili waanike. Nikamwambia Baba, “Mimi mashuka ninayo, sihitaji kulipia umeme ili niangalie ya wengine.” Lakini sehemu ya sita sikuinuka. Kuna kitu wanakijua wale watu kuhusu mikono. Yule bibi anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, bila haraka, niliona kazi yangu mwenyewe ikiheshimiwa, nikaona haya kwamba nimeishi miaka arobaini na mitatu bila mtu kuniangalia hivyo.

Halafu sehemu ya kumi na mbili, bibi anakufa, na wewe ukamtia maneno ya mwisho ya Mama mdomoni. “Mwambie mjukuu wangu asiiache nyumba. Baba yenu hajui kukaa peke yake.” Nililia, mdogo wangu. Baba hakulia. Alizima televisheni akaomba chai.

Sasa jambo lenyewe. Kiwanda cha sare cha mji wa pili kinataka msimamizi wa chumba cha kukata. Wamenichagua mimi. Meza za kukatia zenye urefu wa chumba, mafundi kumi na wawili chini yangu, nyumba ya kukaa. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Mei. Unajua kwamba Mama alipofariki niliacha nafasi ya chuo cha ushonaji kwa ajili ya maneno yale, na sijawahi kulalamika. Ila hii ya pili imenikosesha usingizi. Wewe ndiye uliyeyasikia maneno ya Mama kwa masikio yako. Unaonaje, nikienda nitakuwa nimemvunjia?

Dada yako

*

1 Machi

Dada,

Barua yako ilinikuta na mafua, na kwa mtu wa kazi yangu mafua ni sawa na wewe kuvunjika vidole. Nimekunywa maji ya moto hadi tumbo linalalamika. Mpe Baba pole ya mguu na umwambie yule mbwa nilimpa sauti ya jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa akitukemea, atamkumbuka.

Nimefurahi kwamba tamthilia imewagusa. Ujue kuifanya ni mateso. Chumba chetu cha kurekodia ni kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, hakuna feni kwa sababu feni inasikika. Na tamthilia ya mapenzi na vita ina maneno, mtu unaserereka nayo. Hii ya polepole haina. Bibi anamenya tufaha, mjukuu anamwangalia bibi anavyomenya tufaha, na mimi nimeshika karatasi tupu. Mkuu wa studio ana sheria yake: kimya kikipita sekunde tano, mtazamaji atadhani televisheni imeharibika, atahama. Kwa hiyo tunajaza. Nusu ya maneno uliyoyasikia hayamo kwa Wakorea.

Ndiyo uzuri wake na ndiyo ubovu wake. Imeacha nafasi kubwa, na mtu asiye na adabu anaweza kuingia na viatu.

Kuhusu kazi ya kiwandani, hongera sana, unastahili. Lakini Dada, maneno ya Mama ni mazito. Mimi ni nani nikwambie uyapuuze? Pima mwenyewe na moyo wako.

Mdogo wako

*

17 Machi

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, alikuja kupimwa gauni, tukaingia kwenye habari za tamthilia kama kawaida. Kumbe yeye anayo ile yenyewe, ya Kikorea tupu, na maandishi chini. Akaniazima kwenye flashi. Nimetazama sehemu zote kumi na sita, nikiwa napiga pasi.

Nikupe hukumu yangu, maana wewe ulinipa yako.

Ni nzuri kuliko ulivyoifanya. Usinune. Ile ya kwao unasikia maji kwenye ndoo, unasikia shuka likikung'utwa, na hukumu ya mambo wanakuachia wewe. Hakuna mbaya wa kuchukia. Seremala anampenda mjukuu sehemu kumi na moja nzima bila kusema, nami nikawa namsukuma kwa bega hapa nilipokaa. Inatuliza kweli. Kuna siku nilipiga pasi kwa utaratibu hadi mteja akauliza kama naumwa.

Lakini kuna mahali inadanganya. Bibi anaumwa sehemu tatu, hatoki kitandani, na mashuka yake ni meupe pe. Nani alimwogesha? Nani alimgeuza? Mjukuu anakaa pembeni na nywele zake zimechanwa, anaangalia dirisha, na muziki wa kinanda unatuambia tusikitike. Mimi nimemuuguza Mama, na Baba alipopooza mguu nimemuuguza. Uuguzaji una harufu. Una hasira pia. Yule mjukuu hakukasirika hata siku moja, wala hakutamani kutoka akimbie. Na anaacha kazi yake mjini bila kuuliza atakula nini. Amepona moyo, sawa, lakini alipewa nafasi ya kupona. Si kila mtu hupewa.

Sasa sehemu ya kumi na mbili. Nimeiangalia mara tatu. Bibi analala, mjukuu anamshika mkono, wanakaa dakika nne, bibi anakufa. Hakusema kitu. Hata neno moja.

Mwanzo nilijiambia, mdogo wangu alimkumbuka Mama akamheshimu kwa kuweka maneno yake pale. Lakini nikajiuliza, “Baba yenu” ni nani? Mume wa bibi yule alikwishakufa tangu sehemu ya kwanza, tumeonyeshwa kaburi. Na watoto wake hawapo. Yaani maneno hayamfai hata yeye. Yalikutoka tu.

Na jingine, ambalo miaka tisa nimelisukumia pembeni. Wewe ulisema Mama alisema, “Mwambie dada yako.” Mama hakuwahi kuniita dada yako. Hata akikutuma wewe kwangu alisema, “Kamwite Sindano.” Tangu nina miaka minane mimi kwa Mama ni Sindano.

Nakuuliza kwa upole. Mama aliyasema maneno yale, au ulijaza?

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Mafua yameisha. Natuma dawa ya kuchua mguu wa Baba, imo kwenye kifurushi pamoja na soksi. Apakwe kabla ya kulala, siyo asubuhi.

Umenichekesha na mashuka ya bibi. Una haki kabisa. Na hujataja udhaifu mwingine: mvua ile. Mtu akihuzunika tu, inanyesha. Akipatana na mwenzake, jua. Na kijiji kizima hakina mtu mchoyo, hata mwenye duka anakopesha huku anatabasamu. Sehemu ya tisa na ya kumi zingeweza kuwa moja na hakuna ambaye angedai kuibiwa. Kinanda nacho kingepumzishwa. Mwisho nao ni wa haraka, ajabu kwa hadithi iliyotembea pole hivyo: mjukuu anaamua kubaki, anafungua dirisha, basi, imekwisha. Hatuambiwi kama miaka mitano baadaye alijuta.

Lakini kwa uzuri, nakubaliana na wewe kuhusu sauti za maji. Nilizifunika. Samahani kwa hilo.

Kazini wamenipa nyingine, ya polisi, maneno mengi, nashukuru.

Msalimie Baba.

Mdogo wako

*

30 Aprili

Mdogo wangu,

Dawa imefika, soksi zimemtosha.

Umeniandikia ukurasa mzima wa Wakorea. Mimi nilikuuliza habari ya Mama.

Kiwanda wameandika tena. Mei thelathini na moja ndiyo mwisho. Usinizungushe, mimi si mtoto.

Dada yako

*

9 Mei

Dada,

Hii ni barua ya sita ninayoiandika. Tano nimechana. Hii sitaisoma tena nikimaliza, nitaitia gundi na kuipeleka posta kabla roho haijanigeuka.

Sikuwepo.

Siku ile zamu ya mchana ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa unamalizia sare za watu ukasema utafika saa kumi, Baba alikuwa amekwenda kulala kwa sababu alikesha. Mama alikuwa ametulia. Ng'ambo ya barabara, mkabala na hospitali, studio ilikuwa inajaribu sauti za watu, na nilikuwa na karatasi ya kuitwa mfukoni tangu wiki ile. Nilimwambia Mama natoka dakika ishirini. Alifumbua macho akanitazama, akafumba. Sijui kama alinielewa.

Kulikuwa na foleni. Dakika ishirini zikapita na mbele yangu bado walikuwepo saba. Dada, ningeweza kurudi. Nilihesabu wale saba, nikasema wanakwenda haraka. Nilisoma kurasa mbili, wakaniambia nisome tena kwa sauti ya mzee, nikasoma, wakacheka, wakanipa kazi. Nilivuka barabara nikiwa na furaha. Nakwambia hilo kwa sababu ndilo linalonisuta kuliko yote. Nilipanda ngazi mbili mbili. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Nilikaa kwenye kiti. Wewe ukaingia saa kumi na dakika chache, na nyuzi za bluu kwenye mkono wa blauzi. Ukakiona kitanda kitupu, ukaelewa, ukauliza, “Amesema nini?” Hukuuliza kama nilikuwepo. Ulijua tu kwamba nilikuwepo. Na ulikuwa umesimama pale unangoja, sikuweza kukuacha hivyo mikono mitupu. Mdomo ukasema wenyewe. Kwa nini maneno yale? Nadhani kwa sababu nilijua kuanzia siku ile ningekuwa studio kutwa, na mtu wa kukaa na Baba alitakiwa, na sikutaka awe mimi. Sikuyapanga, lakini nikiyatazama sasa, yalinifaa mimi mno.

Baadaye nilitaka kukwambia. Ukaacha chuo. Nikasema nitamwambia akitulia. Ukatulia. Nikasema mbona ametulia, nimvuruge kwa nini? Hivyo hivyo, miaka tisa. Hata Februari uliponiuliza kama utamvunjia Mama, nilipata mlango wazi kabisa wa kusema, nikaandika kwamba maneno yake ni mazito. Sentensi ile niliiandika bila kusita. Najiogopa.

Siku tuliporekodi bibi anakufa, Mkuu alisema jaza. Sikuwa na kitu kingine. Maneno ya mtu anayekufa niliyonayo ni hayo tu, na hata hayo niliyatunga.

Nenda kiwandani. Mama hakukuzuia. Nilikuzuia mimi.

Mdogo wako

*

24 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma kwenye meza ya kushonea, nikaiweka, nikashona mikono miwili ya shati, yote nikaishona kinyume. Nikafumua. Siku nne sikuweza kukuandikia, na siku ya tano niliandika mambo ambayo nimeyachoma.

Kwamba hukuwepo, nimelia lakini nimekusamehe. Mtu anatoka kidogo na mgonjwa anakwenda, imewatokea wengi, wangapi walikuwa wamekwenda kuchota maji tu. Ungeniambia siku ile ningekupiga kofi, halafu tungeshikana.

La pili bado. Sikiliza nikueleze, maana nadhani hata wewe hulijui. Unadhani uliniibia miaka tisa. Mimi najijua, ningebaki. Baba alikuwa hawezi hata kuwasha jiko, ningemwacha na nani? Ningebaki kwa akili yangu mwenyewe, na siku ambazo nilimchoka ningejua kwamba nilijichagulia, na siku nyingine ningejisifu. Badala yake nilibaki kama mtu aliyetumwa. Kila nilipokasirika nilimkasirikia Mama, marehemu wa watu, ambaye hakufanya kosa lolote. Nimekwenda kaburini kwake nikiwa nimenuna. Umenikosanisha na mama yangu, naye hayupo nimwombe radhi. Kwa hilo sina neno la kukupa sasa hivi.

Kiwanda nimewajibu. Naanza kazi Juni kumi na tano. Wewe utafika hapa tarehe kumi na mbili. Sikuulizi kama unaweza.

Baba haoshwi mgongo kwa maji ya moto, vuguvugu tu. Fimbo ikae upande wa kulia wa kitanda. Vidonge vya shinikizo la damu ni asubuhi, ataapa kwamba amekwisha kumeza, usimwamini. Mashuka ni mara mbili kwa wiki, na utaona mwenyewe kwamba hayafanani na ya Wakorea.

Baba hajui kitu. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, ana kwa ana, na si siku ya kwanza, mwache azoee kwanza kukuona.

Dada yako

*

6 Julai

Dada,

Natumaini meza za kukatia ni ndefu kama walivyokuahidi, na wale mafundi kumi na wawili wamekwishajua kwamba ukinyamaza wajirekebishe. Studio wamenipa likizo ya miezi mitatu bila mshahara. Baada ya hapo hawakuahidi kitu, nami sikuuliza.

Hatukuongea vizuri siku ya kuondoka kwako. Ulinipa funguo ukaniangalia viatu. Nilistahili.

Baba mzima. Wiki ya kwanza alinifanya mgeni, akaniita “bwana”. Ya pili akaanza kunikemea, nikajua mambo yanakwenda. Vidonge, kweli, anaapa. Mashuka nimeyafua mwenyewe kwa mikono. Nimekukumbuka kwa kila shuka, na kuna siku nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kwa sababu nilikuwa na hasira na mzee ambaye hajafanya kosa. Hiyo haikuwa kwenye tamthilia, ulisema kweli.

Juzi nilimwambia. Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi, amekaa mlangoni. Nilisema yote, foleni, wale watu saba, ngazi, mpaka nilivyokudanganya na kwa nini. Nilimwambia maneno yale si ya Mama.

Alikaa kimya muda mrefu sana. Nilitaka kuendelea kuongea, unajua nilivyo. Nikajizuia. Halafu akasema, “Najua.”

Nikadhani hakunisikia vizuri. Akasema, “Nilikwenda kesho yake kuchukua nguo za mama yenu. Muuguzi akanipa pole, akasema alikwenda saa nane, kijana wako alikuwa ametoka.”

Nikamwuliza, “Mbona hukumwambia Dada?”

Akaitazama fimbo yake. Akasema, “Alikuwa amekwishaamua kuacha chuo. Nikajua nikisema, atakwenda. Nilitaka abaki.”

Dada, nimekaa na jambo hili siku mbili. Ningeweza kulificha. Ningejiambia mzee amechoka, dada ameanza maisha, kuna faida gani. Ningekupambia, kwamba alilia, kwamba alisema anakupenda. Hakulia na hakusema. Nimekuandikia alivyosema, kwa mpangilio aliosema. Nilimwuliza kama nikwambie, akasema mwambie. Nikamwuliza niongeze nini upande wake. Akasema hana la kuongeza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sikuombi unijibu, wala sikuombi uchague wa kumsamehe kwanza.

Tangu siku ile hali chakula vizuri, uji anaacha nusu. Leo asubuhi nikiandika barua hii aliniuliza inachukua siku ngapi kufika kwako. Nikamwambia nne. Akahesabu kwa vidole, polepole, akasema, “Basi mpaka Ijumaa bado nina binti.”

Mdogo wako